Vipambo Vidogo Vikae Wapi? Mjadala wa Bukoba na Muleba

Mji wa Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na hata katika miezi ya ukavu upepo wa ziwa huleta unyevu majumbani asubuhi na jioni. Kwa sababu hiyo mtu yeyote ashikaye kazi ya kupamba kadi za harusi na albamu za kumbukumbu katika mji huu ana mashaka mawili yasiyompa raha, la kwanza likiwa ni hali ya hewa na la pili likiwa ni udogo wa vitu vyake. Puleki, shanga, lulu za plastiki, vifungo, vijiwe vya kung'aa, pini, tepe, stika, buni zilizokaushwa, nyuzi za mgomba na vipande vya lubugo, ile nguo ya gome la mti, ni vitu ambavyo kimoja kimoja havina thamani ya kununulia hata kiberiti. Lakini vikikosekana saa ya haja husimamisha shughuli ambayo ukoo mzima umeichangia kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana sikustaajabu nilipowashuhudia watu wawili wa damu moja, mmoja wa Muleba na mwenzake wa Bukoba, wakihitilafiana juu ya namna ya kuvihifadhi, wala hawakupatana hata alipoongezeka wa tatu kuwasuluhisha, maana huyo wa tatu naye alikuja na hoja yake.

Wa kwanza ni Shangazi, mwalimu mstaafu wa ushoni na maarifa ya nyumbani, mkazi wa Kamachumu wilayani Muleba. Wa pili ni Mpwa wake, fundi wa kadi na albamu, mwenye chumba kimoja cha kazi karibu na soko la Bukoba. Wa tatu ni Karani, mtu aliyetunza vitabu vya parokia maisha yake yote, na ambaye aliingia chumbani mle kwa haja ya kufanyiziwa upya albamu yake ya ndoa. Majina yao nimeyaacha, kwa kuwa zilizogombana ni hoja, wala si wao.

SHANGAZI: Mwanangu, kanuni yangu ni moja na naishika tangu nilipokuwa nikifundisha: kila kitu kikae na jinsi yake. Puleki na puleki, kifungo na kifungo. Ndani ya jinsi, rangi na rangi. Na ndani ya rangi, kikubwa kisichanganyike na kidogo. Ninayo makopo matupu ya kahawa ya TANICA, kiwanda cha hapa hapa Bukoba, niliyoyakusanya kwa miaka mingi, na juu ya kila kifuniko nimefunga kwa uzi kijikaratasi kigumu nilichoshonea mfano wa kilichomo ndani. Usiku umeme ukikatika, napapasa kwa vidole nikajua lipi ni la vifungo vya matundu manne na lipi ni la matundu mawili. Wewe na masanduku yako ya plastiki unaliweza hilo?

MPWA: Shangazi, shikamoo tena kabla sijakupinga.

SHANGAZI: Marahaba. Pinga.

MPWA: Kopo lako linamfaa mtu atafutaye kitu kimoja, nami sitafuti kitu kimoja. Inakuja kamati ya harusi, inataka kadi mia mbili za rangi ya krimu na dhahabu, na inazitaka Ijumaa. Kila kadi ina utepe wake, lulu tatu, puleki sita na uzi wa mgomba. Kwa kanuni yako itanibidi nifungue makopo manne kwa kadi moja na kuyafunga manne, au niyaache wazi mchana kutwa, mtoto apite ayapige teke. Mimi naweka kwa shughuli. Kipo kisanduku cha harusi ya krimu na dhahabu, kipo cha kipaimara, kipo cha ubarikio, kipo cha sendofu. Nikitoa kisanduku mezani, kazi nzima imekwisha kutoka. Tena plastiki yangu inaangaza, naona kilichomo, na kitu kisichoonekana hununuliwa mara ya pili.

SHANGAZI: Na harusi ikiisha?

MPWA: Mabaki hubaki kisandukuni, yangoje harusi nyingine ya rangi ile ile.

SHANGAZI: Basi hilo ndilo nililokuwa nalitaka useme. Katika rafu yako naona visanduku saba, na ninaapa kila kimoja kina puleki za dhahabu nusu ya ukufi. Mtu akikuuliza una puleki ngapi za dhahabu, huwezi kumjibu mpaka uvifungue vyote saba; na kwa kuwa huna muda wa kuvifungua, unakwenda dukani kununua pakiti nyingine. Unasema kisichoonekana hununuliwa mara ya pili. Zako zinaonekana mara saba, na bado unanunua ya nane.

Mpwa alicheka, wala hakujibu papo hapo, nami nikachukua nafasi hiyo kufikiri kwamba ugomvi huu si wa mkoa wetu wa Kagera peke yake. Wamarekani, ambao wameifanya kazi ya vitabu vya kumbukumbu kuwa mapenzi ya watu wengi, walianza kwa kuhangaikia gundi: Mark Twain, mwandishi mashuhuri, alijipatia hataza mwaka 1873 kwa kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, ambazo mtu hulowanisha tu na kubandika. Baadaye, hasa baada ya familia ya Marielen Christensen kuonyesha vitabu vyao vya kumbukumbu katika mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu za nasaba huko Salt Lake City mwaka 1980, ilizuka biashara kubwa ya vipambo, na nyuma ya biashara hiyo ikaja nyingine ya makasha na meza zenye watoto wengi za kutilia vipambo hivyo, hata mtu aweza kuwa na kasha kabla hajawa na puleki ya kulitia. Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Chombo cha kuwekea hakinunuliwi. Huachwa na kazi nyingine iliyokwisha, na mtu hujipanga kwa kadiri ya alichoachiwa. Sioni kuwa huo ni unyonge.

Na miongoni mwa vyombo vilivyoachwa, sijaona kilichoshinda vile vikopo vidogo vya filamu ya milimita 35, ambavyo Mpwa alivirithi kwa wapiga picha wa mjini zama filamu zilipokwisha kutumika. Kikopo kimoja huenea katika kiganja, kifuniko chake hujifunga kwa mlio mdogo, na unyevu hauingii kwa urahisi. Alikuwa navyo vya namna mbili: vyeusi, ambavyo havionyeshi kitu, na vyeupe vya Fuji, ambavyo ukivielekeza dirishani huonyesha kivuli cha kilichomo. Shangazi alikishika kimoja cheupe, akakitikisa sikioni, akasema, "Shanga ndogo, tena za kioo," na alipofungua zilikuwa ndizo. Vikopo hivyo havipatikani tena kwa urahisi madukani, na aliye navyo asivitoe.

Hapo ndipo Karani, aliyekuwa amekaa na albamu yake magotini kama mtu angojaye zamu hospitalini, alipoomba kusema.

KARANI: Mabibi, mniwie radhi. Nyinyi wawili mnauliza kitu kikae na nani, nami katika kazi yangu nimejifunza kuuliza kitu kinamdhuru nani. Tazameni ukurasa huu. Hapa palikuwa na pini ya chuma. Pini imeondoka, lakini kutu yake imebaki juu ya karatasi, na imepenya hata ukurasa wa nyuma. Hapa mke wangu alifunga barua kwa mpira wa kufungia, nao mpira ukayeyuka, ukanata, kisha ukakauka ukawa mgumu mfano wa ukucha. Tena mipira ile ina salfa, na kitu cha fedha kikikaa karibu nayo huwa cheusi. Na picha hizi zote ziko katika albamu ya kurasa za kunata, zile zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980. Gundi yake imegeuka manjano, na picha haitoki tena ila kwa kuchanika.

MPWA: Ndiyo uliyoniletea niitengeneze.

KARANI: Ndiyo niliyokuletea. Na sasa naona katika kisanduku chako cha harusi pini za chuma zimelala juu ya lulu, stika zimelala juu ya utepe, na buni zimelala juu ya vyote. Buni ina mafuta, tena ina wadudu wake wanaoitoboa. Gundi ya unga ni chakula cha mende. Plastiki laini inayonukia, ile ya PVC, ikizeeka hutoa tindikali inayokula karatasi na kuozesha madini. Karatasi ya gazeti hugeuka rangi yenyewe na kuigeuza jirani yake. Mnaviweka pamoja kwa sababu vyote ni vya harusi, ilhali vyenyewe havijui kuwa ni vya harusi.

SHANGAZI: Maneno haya ni ya upande wangu.

KARANI: Nusu yake tu, Mwalimu. Makopo yako nayo ni ya chuma, na Kamachumu kuna ukungu asubuhi. Je, hakuna hata moja lililoshika kutu ukingoni?

Shangazi alikiri kwamba yapo, na kwamba ndani ya kopo la tepe nyeupe amelazimika kutandika kitambaa cha pamba. Mpwa naye, kwa kuogopa kuonekana kuwa anashangilia, akaeleza kwa nini hatumii chupa za kioo, ambazo Karani angezipendelea: zamani alikuwa nazo, nzuri, zimepangwa juu ya rafu kwa safu, mpaka alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, lilipopiga tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9, likaangusha nyumba na kuua watu katika mkoa huu. Chumba chake kilisalimika na nyufa, lakini chupa zote zilikuwa sakafuni, na alikaa muda mrefu akitenga shanga na vigae vya kioo kwa koleo ya nyusi, kisha akachoka akatupa vyote. Tangu siku hiyo kitu cha kioo hakikai juu ya kiuno chake. Hoja hiyo hakuna aliyeijibu, wala sidhani kuwa ina jibu katika Bukoba.

Naomba hapa nieleze habari ya kale, maana si mara ya kwanza vipambo vidogo kuumiza vichwa vya watu katika njia zielekeazo Kagera. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipofika Unyanyembe, baadhi yake ilikata kaskazini hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme Rumanyika. Na katika njia hizo shanga zilikuwa fedha. Zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Msafiri Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alikadiria aina zake kufika 400. Msafiri Henry Stanley naye, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijitayarisha kumtafuta Livingstone, alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11, tena baada ya kutaabika sana na kuwauliza wenyeji wa biashara hiyo, kwa sababu shanga nyeusi zilizokuwa fedha Ugogo hazikuwa na thamani kwingineko, shanga za sungomaji zilizotakiwa Ujiji zilikataliwa katika nchi nyingi, na nyeupe zilizopokewa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Aliyekosea hesabu alifika mbali akiwa na magunia yaliyojaa na tumbo lililo tupu.

Niliposimulia haya, kila mmoja aliyavuta upande wake.

SHANGAZI: Mmesikia? Magunia kwa jinsi!

MPWA: Mimi nimesikia zaidi ya hapo, Shangazi. Gunia lilijazwa kwa ajili ya nchi ambayo zitakwenda kutumika. Nyeusi ni za Ugogo, sungomaji ni za Ujiji. Hiyo ni shughuli.

KARANI: Kama gunia la Ugogo lilikuwa la shanga nyeusi, basi jinsi na shughuli zilikuwa jambo moja, na ugomvi wenu haukuwako. Umezaliwa siku hizi, puleki ya dhahabu inapokubalika katika kila sherehe.

SHANGAZI: Haidhuru. Nitatoa burhani ya nyumbani, si ya Unguja. Sisi Wahaya tuna akamwani, zile buni za kutafuna anazokaribishwa nazo mgeni. Hazitupwi ovyo ovyo. Zina kijamanda chao chenye kifuniko, kilichosukwa vizuri, na mgeni akiingia hakuna anayeuliza kiko wapi. Je, hiyo si jinsi kukaa na jinsi yake?

MPWA: Shangazi, nakuomba uniruhusu. Buni za kupeleka chama cha msingi ziko guniani, za mgeni ziko kijamandani, na zote ni buni, pengine za mti mmoja. Kama jinsi ndiyo kanuni, mbona hazikai pamoja?

SHANGAZI: Kwa sababu za mgeni zimechemshwa na majani yake, zikakaushwa. Zimekwisha kuwa kitu kingine.

MPWA: Zilichemshwa kwa sababu ni za mgeni.

Shangazi alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo kwangu mimi lilikuwa ndilo ufunguo wa mjadala wote, ingawa yeye alilisema kwa kuudhika kidogo: "Sawa. Zinakaa mbalimbali kwa sababu zinakwenda mbalimbali."

KARANI: Hapo, Mwalimu, umesema. Kadi na albamu zinakwenda mbalimbali. Kadi ya mwaliko husomwa, huonyeshwa mlangoni, na Jumatatu watoto wanaichezea. Albamu itafunguliwa na wajukuu wangu. Puleki ya kadi ikishika kutu baada ya mwaka, nani atajua? Puleki ya albamu ikishika kutu, imeharibu uso wa bibi yao.

MPWA: Lakini puleki ni ile ile, Karani. Nainunua katika pakiti moja.

KARANI: Na buni ni ile ile.

Tangu hapo mazungumzo yaligeuka, yakawa ya kazi kuliko ya ushindi, na mengine yalipita haraka. Walikubaliana kwamba viberiti vilivyogandishwa pamoja vikawa mfano wa kimeza chenye watoto ni chombo kizuri kwa macho, lakini karatasi yake hunywa unyevu, na kwa hiyo vikae na vifungo vya plastiki tu. Walikubaliana kuwa trei la mayai linafaa kwa kutengea na si kwa kuwekea. Walibishana kidogo juu ya mchele katika kopo, ambao Shangazi huuamini na Karani huuogopa kwa sababu ya fukusi, wakaafikiana juu ya vile vifuko vidogo vya silika vinavyokutwa katika viatu vipya, ambavyo watu huvitupa, nao hawajui kwamba vikisha kunywa maji vyaweza kukaushwa kwa joto la taratibu vikatumika tena. Shangazi alivitaka vyote vilivyokuwako chumbani mle, akaviweka mkobani.

Jambo moja lilibaki bila ya kupatana, nalo ni alama. Mpwa huandika juu ya kisanduku kwa kalamu ya wino mzito. Shangazi hushonea mfano. Karani alitaka penseli, kwa kuwa wino husambaa ukipata unyevu na penseli haisambai. Kila mmoja alishikilia lake, nami kwa hili niko pamoja na Shangazi pasipo shaka yoyote. Maandishi husema kilichotiwa siku ile ya kwanza. Mfano ulioshonwa juu ya kifuniko humlazimisha mwenye nyumba kuwa mkweli, kwa sababu jicho huona upesi kitu kilicho ndani kisipofanana na kilicho juu. Tena mtu mwingine yeyote, awe mtoto, awe mgeni, awe asiyejua kusoma, hukirudisha kitu mahali pake bila ya kuuliza. Nimeona vyumba vingi vya kazi ambavyo mpangilio wake umo katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo akiugua wiki moja, wasaidizi wake hugeuza kila kitu juu chini.

Hukumu yangu basi ni hii, na waliobishana wanaweza kuikataa. Pakiti mpya ikifika igawanywe siku ile ile, kabla haijafunguliwa mara ya pili. Fungu la kadi liingie katika kisanduku cha shughuli kwa kanuni ya Mpwa, likae wazi machoni, litumike upesi, na shughuli ikiisha mabaki yake yasingoje harusi nyingine, yarudi kwenye kopo la jinsi yake, maana hapa Shangazi alishinda na Mpwa anajua. Fungu la albamu likae mbali na hilo, kwa kanuni ya Karani: vya chuma peke yake, vinatavyo peke yake, vya mimea peke yake na vichunguzwe wadudu kila mwezi, na kisiingie ndani ya albamu kitu chochote cha chuma cha kawaida wala mpira, hata mteja akiomba. Makopo ya chuma yatandikwe kitambaa. Chupa za kioo zikae chini.

Karani aliondoka bila ya albamu yake, ambayo Mpwa ameshika kuibandua picha moja baada ya moja kwa uzi mwembamba apitishao nyuma yake taratibu, akizihamishia katika kurasa za karatasi ngumu na kuzishika kwa pembe za karatasi, bila ya gundi yoyote juu ya picha zenyewe. Mvua za vuli hazikawii. Msomaji mwenye kasha la namna hii nyumbani na alifungue wiki hii, aanze kwa kuondoa mipira na pini.